Mwenda Pole

Waliosema mwenda pole hajikwai
hawakuwahi kulipwa deni kwa pikipiki
ya kilo mia mbili na hamsini.

Mimi nililipwa.
Badi Shee nilimdai kanzu kumi na nne
za harusi ya mdogo wake, darizi shingoni na kifuani,
uzi wa hariri, na macho yangu ya usiku.
Mwaka ukapita, ahadi nazo zikapita.
Asubuhi moja akaniegeshea dude lile mlangoni, Bondeni,
akanitia ufunguo kiganjani:
"Sasa hatudaiani, fundi."

Ikikimbia haina uzito.
Daraja la Nyali nililivuka mwepesi
kama kipande cha doria kilichoponyoka mkasini.
Lakini taa za Saba Saba zikawa nyekundu,
kasi ikanishuka, ikaenda zake,
na kilo zote zikarudi kwa pamoja
kuuliza: ni nani huyu?

Mguu wa kushoto ulitua penye mchanga.
Nikaenda chini taratibu, kwa adabu,
kama mtu anayeketi mkekani.
Mama wa viazi karai hata hakucheka.
Alikuja na upawa mkononi:
"Zima kwanza, baba. Petroli inamwagika."

Bwanakheri, mwenye gereji Tudor,
ndiye aliyenifunza kuinyanyua.
Usiikabili kifua kwa kifua, hii si mieleka.
Ipe mgongo. Kalia ubavu wa kiti chake,
shika hapa, na hapa,
kisha nenda kinyumenyume, hatua fupi fupi,
mapaja ndiyo yafanye kazi.
Ikasimama. Nikasimama nayo,
jasho limenifika viatuni.

Jumapili akapanga chupa za maji uwanjani Tononoka,
tukajifunza kwenda pole kuliko mtu wa miguu.
"Klachi usiiachie, usiibane. Iache ing'ate nusu.
Usukani ukiwa umekata, breki ya mbele iogope.
Ya nyuma, iguse tu na unyayo."
Nikamwambia: hiyo naijua.
Mshono ulionyooka hata mwanagenzi ataukimbiza;
fundi hujulikana kwenye pembe ya kola,
pale cherehani inapoomba kwenda
na mguu unairuhusu sindano moja,
kisha moja.
"Basi mbona waanguka?"

Kwa sababu ya macho.
Miaka thelathini nimetazama chini, penye sindano,
na pikipiki haitaki hivyo.
Ukiitazama chupa, utaikanyaga.
Ukitazama chini, chini itakuita kwa jina lako.
Niliangusha mara tatu, na kioo kimoja kikavunjika.
Ya nne niliizunguka chupa nikimtazama mbuzi
aliyekuwa mbali kule, ukutani, akila karatasi.

Jana nilishuka nayo kivukoni Likoni.
Mteremko, mabamba ya chuma yaliyolowa,
mikokoteni ya madafu mbele, umati ubavuni.
Baharia akainua mkono: simama.
Nilinyoosha usukani kabla haijasita.
Macho nikayapeleka ng'ambo, kwenye paa jekundu.
Karibu na gurudumu palikuwa na mafuta,
nyuma kidogo palikuwa na kutu.
Kutu hushika. Nikauweka mguu penye kutu.

Ikainama kidogo. Goti likaipokea.
Kwa pumzi moja hivi, mimi na kilo zile,
hakuna aliyemdai mwenzake.

Ndipo binti mwenye ndoo ya mahamri
akanigusa bega kwa kiwiko, mikono imejaa:
"Mjomba, sogea kidogo nipite."

Kidogo.
Laiti angesema niondoke,
nipae, nivuke maji.

Nikaiacha klachi ing'ate nusu.